Chukudu Iliyokwenda Itebero Mabegani

«Mguu ya Bienvenu haitagusa tope! Miye Émile, mutoto wa Faustin, nitamufikisha Itebero juu ya chukudu, sawa waziri!»

Aliyasema hayo kanisani Mweso, baada ya matangazo, akiwa amepanda juu ya benchi, na hakuna aliyemuomba. Sauti yake ilikuwa njo kwanza inaanza kukatika, kila neno lilitoka nusu mwanaume, nusu kuku. Watu walipiga makofi. Kwetu makofi ni ya haraka sana, hasa kwa kitu kitakacholipwa na mwingine.

Mwingine huyo alikuwa Papa Faustin, baba yake, aliyekaa benchi ya tatu. Chukudu ilikuwa yake: mti mrefu, magurudumu mawili ya mti yaliyovalishwa mpira, usukani kama pembe za ng'ombe, unapiga goti moja juu yake, unasukuma kwa mguu wa pili. Kwa chukudu hiyo alikuwa anabeba mihogo na maharagwe ya watu kutoka Kashuga hadi soko la Mweso, na nyumba yote ilikula humo. Lakini angekataa vipi mbele ya padri, makofi bado yanalia? Alimngoja mwanawe mlangoni.

«Irudi,» alimwambia chini-chini. «Sitaki hadisi. Irudi na magurudumu yake mbili.»

Bienvenu alikuwa rafiki wa Émile tangu wizi wao wa kwanza wa miwa, shamba moja, fimbo moja. Mwaka huo madarasa ya Mweso yalikuwa yanalaliwa na watu waliokimbia vita, basi mama yake akaamua akasome Itebero, kwenye msitu wa Walikale, kwa koko yake, yaani bibi mzaa mama. Bienvenu hakuwa mtu wa maneno. Émile alisema kwa ajili ya wote wawili, na akiba ilibaki.

Tusimwonee: kwenye vilima vyetu vya Masisi Émile alikuwa mfalme. Mteremko ukianza, yeye mbele, Bienvenu nyuma juu ya gunia la nguo, kuku wanakimbia, wamama wanatukana. Kilima kikianza kupanda, Bienvenu alishuka kusukuma, na Émile akamweleza kwamba hiyo si kugusa tope, hiyo ni kusaidia dereva.

Shida ni kwamba mtoto wa Masisi anafikiri dunia nzima inateremka. Walikale haiteremki. Walikale ni mizizi, maji, na tope lenye njaa. Walipoingia msituni, chukudu ilizama hadi kwenye usukani, wakaitoa, ikazama tena. Mwishowe Émile aliibeba begani.

Hivyo njo walivyofika kwenye barière, kamba imefungwa kati ya miti miwili, kijana mwenye bunduki amekaa akitafuna mahindi.

«Petit, hiyo ni muzigo ao ni gari?»

Angesema muzigo, wangepita. Muzigo ulikuwa haulipi. Lakini mdomo wa Émile haukuwahi kumuomba mwenyewe ruhusa.

«Gari, kaka! Gari ya Mweso! Inapitaka hata moto!»

«Ah. Gari inalipa.»

Hawakuwa na kitu. Kijana akaangalia miguu ya Bienvenu, akaona bote za mpira, mpya, mama yake alizomnunulia kwa safari. Zilimtosha vizuri sana, yule kijana.

Kesho yake Bienvenu, peku, alikanyaga kisiki. Mguu ukavimba kama kiazi. Saa hiyohiyo Émile, kwa kukasirika, akajaribu tena kuendesha, akagonga mzizi, na usukani ukavunjika pamoja na gurudumu la mbele.

Bienvenu alikaa chini. «Émile, unibebe kidogo.»

Émile aliangalia mguu. Akaangalia chukudu. Akamuona baba yake mlangoni mwa kanisa.

«Weye ungali na mguu ingine muzima,» alisema. «Hii yote imevunjika.»

Akafunga vipande kwa kamba, akavitwika. Bienvenu alifuata nyuma na fimbo, akirukaruka. Mama mmoja mwenye kikapu mgongoni akawapisha njiani.

«Kaka, hiyo mashine inakubeba, ao weye njo unaibeba?»

«Inapumuzika, mama.»

«Na ule wa nyuma?»

«Ule anatembea tu.»

Itebero waliingia jioni, mvua inapiga. Koko Dorothée alitoka mlangoni, akamkumbatia mjukuu wake, kisha akamuona kijana mgeni ameinama chini ya mzigo wa miti. Machozi yalimtoka. Msituni, majira ya mvua, kuni kavu ni kitu cha kuomba Mungu. Na mgeni mwenye adabu haji mikono mitupu.

«Wengine banaletaka njaa,» alisema. «Huyu ameleta kuni! Asante, mutoto yangu. Lala.»

Émile alikuwa amechoka hata kusikiliza. Alilala na nguo zake.

Asubuhi alikuta sombe ya majani ya mihogo, ndizi na nyama ya moshi. Alikula kama mtu wa harusi. «Koko, sombe hii imeiva!»

«Ni kuni yako, mutoto. Muti ya zamani, inawaka bila moshi.»

Mkono wa Émile ulisimama njiani kuelekea mdomo. Kwenye jiko, kipande cha mwisho cha usukani kilikuwa kinamalizika taratibu. Kando ya moto Bienvenu alikuwa amelala, mguu umefungwa majani ya dawa.

«Ulikuwa macho?»

«Nilikuwa macho.»

«Ukamuona anashika shoka?»

«Nilimuona.»

«Na haukusema kitu?»

«Koko alikuwa anasikia baridi,» alisema Bienvenu. «Na miye nilikuwa nasikia mguu.»

Mpira wa magurudumu koko alikuwa ameutoa kabla ya kuchoma, mpira unanuka. Émile alirudi Mweso peke yake, na mipira miwili shingoni kama rozari. Papa Faustin aliihesabu, moja, mbili, akampa shoka, akamwonyesha mti wa mkaratusi nyuma ya nyumba. Mpaka mwanawe alipojua kuchonga, mzee yule alibeba mihogo ya watu mgongoni. Kanisa lote lilimuona. Hakuna aliyepiga makofi.

Chukudu ya kwanza ya Émile ilikuwa inavuta kushoto, ikiona baa ya pombe inaingia. Ya pili ilinyooka. Leo ana karakana kando ya barabara ya Kitshanga, anachonga, na mdomo wake bado mzima.

Mwaka jana mwanaume mmoja anayechechemea kidogo alisimama pale, mke na watoto nyuma yake.

«Natafuta chukudu,» alisema Bienvenu.

Walitazamana. Halafu walicheka hadi mke akavuta watoto pembeni.

«Sawa,» alisema Émile, akijifuta macho. «Lakini hii ni ya kupanda, ao ya kupikia sombe?»

Chukudu mpya kwa Émile ni dola mia na ishirini. Kwa Bienvenu ni mia na ishirini, na bote za mpira anapewa bure.