Bata Habebwi kwa Miguu

Walisema sitaweza. Baba yangu mdogo alilisema hilo mbele ya watu kilabuni, wiki niliyorudi Karagwe na begi moja na stashahada yangu ya afya ya mifugo ndani ya bahasha ngumu. "Huyu amekaa pwani miaka tisa," alisema. "Ng'ombe alikuwa akimwona kwenye supu tu. Atamtibu nani?" Watu wakacheka.

Niliondoka hapa bila cheti hata kimoja. Nilibeba magunia, nikasoma huku nikibeba, nikajilipia ada mwenyewe, na chuoni nikamaliza wa pili katika darasa zima. Wa kwanza alikuwa mtoto wa daktari wa mifugo, amelelewa na sindano nyumbani. Nayaandika haya bila haya yoyote, maana vijana wanaoingia kazini leo hudhani sisi tulipewa nafasi. Mimi nilijitengeneza. Na bado, siku ya kwanza kazini, nilifanya kosa ambalo hata mtoto wa wafuga bata asingelifanya.

Nilipangiwa kata ya Kituntu, kuwa msaidizi wa Afisa Mifugo wa Kata, mzee mpole wa sauti ambaye watu wote walimwita Bwana Mifugo. Mgonjwa wangu wa kwanza hakuwa ng'ombe. Alikuwa dume la bata, jeupe, ndani ya kikapu kilichofunikwa khanga. Mwenyewe alikuwa Ma Koku, mjane wa makamo aliyeolewa hapa kutoka Muleba. Marehemu mumewe alikuwa karani wa chama cha kahawa, na bata yule aliitwa Karani kwa sababu, alisema mama, alitembea kama yeye: kifua mbele, haraka hana. Alilala ndani ya nyumba, chini ya kiti cha marehemu. Sasa alikuwa akichechemea mguu wa kushoto.

"Shikamoo mama. Hilo dogo," nilimwambia. Nikaingiza mkono kikapuni, nikamshika bata miguu yote miwili, nikamwinua kichwa chini, kama tulivyozoea kubeba kuku wa gulioni wanaoning'inizwa kwenye baiskeli. Karani alijipinda mara moja kwa nguvu. Nilisikia kitu kikilia pajani mwake, kidogo tu, kama kijiti kibichi kinachovunjika. Nilipomweka chini hakusimama.

Ma Koku alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Bwana mdogo," alisema, "nimekuletea mguu mmoja mbovu. Unanirudishia miwili."

Nieleze hapa kwa faida ya wanaosoma. Mguu wa kuku umeumbwa kuparua na kuruka. Mguu wa bata umeumbwa kusukuma maji. Nchi kavu unabeba mwili mzito kuliko uwezo wake. Ukimning'iniza, uzito wote huvuta kano, yaani zile kamba zinazofunga nyama kwenye mfupa. Bata hushikwa kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa, na kiganja kimoja chini ya kifua. Nililijua hilo. Niliwahi kulijibu kwenye mtihani na kupata alama zote.

Bwana Mifugo alipapasa paja la Karani kwa muda mrefu. "Haujatoka kwenye kiungo," alisema. "Kano imevutika. Mama, tuazime Karani wako."

"Cha kuazimwa hurudi," alijibu Ma Koku.

"Atarudi."

Mama alipoondoka, mzee alinigeukia. "Stashahada yako iweke kwenye droo. Utaazima bata wengine wawili wabovu wa miguu, kwa watu watakaokubali kukuamini. Wote watatu utawarudisha wakitembea. Hata mmoja akirudi amebebwa, nakuandikia barua ya machinjioni. Utagonga mihuri ya nyama mpaka ustaafu."

Kazi niliyoisomea miaka yote ile ikawa imesimama juu ya miguu sita ya bata.

Mzee Salum, mwenye duka ambaye babu yake alitoka Tanga, alinikabidhi jike lake mbele ya wateja. "Mtazameni daktari wa karatasi," alisema. "Akimuua, nitajua bei ya wino." Jike lile lilikuwa na jipu la wayo: uvimbe mgumu chini ya unyayo wenye kigaga cheusi katikati. Usaha wa ndege haumiminiki kama wetu. Hukauka ndani ukawa kama kiporo cha ugali. Nilimlowesha mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni, kigaga kikalainika, Bwana Mifugo akasimama nyuma yangu nilipolifungua jipu na kulisafisha. Kisha dawa, kitambaa safi, na sakafu kavu. Chanzo kilikuwa saruji ya duka, ngumu na yenye unyevu.

Wa tatu alikuwa kinda wa mwalimu wa shule ya msingi, miguu imepinda kama upinde, anatembelea magoti. Mwalimu alimlisha chakula cha vifaranga vya kuku peke yake. Kinda wa bata huhitaji zaidi vitamini iitwayo niasini, na akiikosa mifupa na viungo hupinda. Dukani haikuwepo. Nilichemsha machicha ya lubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka ukali wote ukatoka, nikayachanganya na dagaa waliosagwa, kwa kuwa vyote viwili vina vitamini hiyo. Sikufundishwa hilo chuoni. Nililifikiria mwenyewe, na siku ya nne kinda akasimama.

Karani hakusimama. Kila siku nilimwogelesha katika karai la maji ili miguu ipige bila kubeba mwili, na majini alipiga vizuri. Nikimrudisha kwenye banda analala kifudifudi, na siku ya kumi nyayo zote mbili zilikuwa nyekundu. Nilimtandikia makapi makavu ya kahawa, kama kila mfugaji wa hapa anavyomtandikia kuku. Nilianza kuifikiria mihuri ya nyama.

Siku hiyo Ma Koku alikuja kumwona. Aliinama, akachota makapi kwa kiganja, akayafinya, kisha akanionyesha jinsi yalivyomchoma. Ngozi ya unyayo wa bata na ule utando wa vidoleni ni laini kuliko kiganja cha mama mkulima.

"Kwenu mnatandika makapi ndani?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Mgeni akija, mama yako hutandika nini?"

Nilizaliwa hapa, nimelala utotoni juu ya nyasi laini zilizokatwa bondeni na kutandikwa ndani ya nyumba, zikibadilishwa kila mgeni anapotarajiwa. Pwani ilinisahaulisha. Nilichukua mundu, nikashuka bondeni na viatu vyangu vya ofisini.

Baadaye nilihamishiwa Rugu, kisha Ndama, kisha Kyerwa, ambako Afisa Mifugo wa Wilaya alinipa kata tatu peke yangu. Daktari wa Mifugo mmoja, mtu wa majigambo kuliko mimi, aliwahi kuniita mbele ya kikao: "Mleteni mtu wa miguu ya bata." Nilisimama na kuwafundisha yeye na wenzake. Sijui mwingine katika wilaya hizi mbili, Karagwe na Kyerwa, aliyesimamisha bata wengi kama mimi. Nimesimamisha baiskeli nyingi pia, njia ya gulioni, na kufungua kamba miguuni mwa bata huku wenyewe wakinitukana.

Sasa nimestaafu, nina kibanja changu cha migomba, na baba mdogo huniletea kuku wake na kuniamkia kwa cheo. Nikikaa peke yangu sikumbuki sana vyeo. Nakumbuka siku niliyorudisha nilivyoazimwa.

Jike la Mzee Salum lilitembea kutoka mlangoni hadi kaunta. "Wino umeshuka bei," alisema, akanipa mkono. Kinda wa mwalimu alikimbia, akaanguka, akakimbia tena. Kisha nikaenda kwa Ma Koku, Bwana Mifugo akinifuata.

Nilimweka Karani chini langoni. Alisimama muda mrefu. Kisha akaenda, kifua mbele, haraka hana, mguu wa kushoto ukisita kidogo, akavuka ua, akaingia ndani, akajiweka chini ya kiti cha marehemu. Ma Koku alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

Kutoka mlangoni niliona sakafu nzima imetandikwa nyasi mbichi. Nilibaki nje, nikavua viatu, nikamwambia mama kwamba Karani hakuhitaji nyasi nyingi hivyo, pembe ile ya kiti ingetosha.

"Za Karani nimeziweka chini ya kiti," alisema. "Hizi ni zako. Ingia."