Kikao cha Titi la Dada Josephina

Dada yangu Josephina analima ndizi na mdalasini Kinole, na siku ya gulio hushuka na mzigo wake hadi Mkuyuni. Hajawahi kumwomba mtu ruhusa ya kufanya kazi. Mwezi wa tatu alipapasa uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali wakakata kinyama kidogo, wakapima, ikawa saratani.

Daktari pale Morogoro mjini alitueleza kwa subira. Wangeondoa titi lote pamoja na tezi za kwapani ili ugonjwa usipate njia. Angeamka na mpira wa kutoa majimaji ubavuni, alale wodini siku chache, kisha afanye mazoezi ya mkono. Matumaini yapo, alisema, ila tusizidishe wiki tatu.

Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Shemeji Castory, mumewe, alikuwa tayari hata kesho yake, akaambiwa yeye ni mkwe tu, anyamaze. Mjomba Kibwana akataka kikao, maana kiungo cha mtoto wa ukoo hakitolewi kabla wajomba hawajajua kitazikwa wapi. Kikao cha kwanza kikavunjwa na msiba. Cha pili, mjomba wa Turiani hakufika. Cha tatu walibishana kutwa nzima juu ya shamba la kuzikia titi, na hakuna aliyemuuliza mwenye titi anaumwaje. Haraka haraka haina baraka, mjomba akasema. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikamjibu, lakini moyoni, huku nawamiminia chai. Najichukia kwa chai ile.

Kikao cha nne kikakubali. Miezi mitatu ilikuwa imekwisha.

Tulirudi hospitali na mjomba mwenyewe. Daktari alipapasa titi, akapapasa kwapa. Uvimbe ulikuwa umeshika ukuta wa kifua, haukatiki tena kwa sasa. Ingebidi dada atundikiwe dripu za dawa kali ya saratani kwanza, uvimbe ukisinyaa ndipo wapasue. Akauliza tulikuwa wapi.

"Tulikuwa tunatafuta ruhusa," mjomba akasema.

"Ya nani, mzee? Fomu ya kukubali upasuaji inataka sahihi moja tu, ya mgonjwa."

Josephina akanyoosha mkono, akaiomba fomu. Daktari akamwambia kwa upole kwamba siku ya upasuaji bado haijapangwa.

"Najua," dada akasema. "Nipe nisaini leo, kabla hawajaitisha kikao kingine."