Ufunguo Uliopakwa Mafuta

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anaheshimu gari lake kuliko watu. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nilianza kumdharau siku ile. Nilianza zamani.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu. Tundu la ufunguo mlangoni liliwahi kuchokonolewa na wezi, na mwenye gari wa kwanza akaliziba kabisa, kwa hiyo lilifunguka kwa rimoti tu. Mtu mwenye akili angelikwepa. Shemeji alitutangazia kwamba magari ya kisasa hayana matundu.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimemaliza kushona suti ya marehemu. Alikuwa jirani yetu hapa Yeoville, mtu wa kwetu Uvira kama sisi, na miaka yake yote ya Johannesburg aliimaliza ndani ya sare ya ulinzi wa geti. Alipolazwa alimwomba mkewe jambo moja tu: akifa, asimrudishe kwa mama yake bila suti. Mwili ulikuwa unasafiri kwa ndege jioni ile. Jeneza la ndege huwekwa bati ndani na kuchomelewa, na likishachomelewa halifunguliwi tena. Nyumba ya mazishi ilituambia suti ifike kabla ya saa sita kamili mchana.

Saa tatu na nusu suti ilikuwa tayari. Nilitaka kuibeba mwenyewe kwa teksi. Shemeji akasema suti ya marehemu haibanwi kwenye teksi kama mfuko wa vitunguu, akaitundika juu ya kiti cha nyuma, akafunga gari, akarudi ndani kumalizia chai. Alipotoka, rimoti haikuitika.

Akabonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba gari lina masikio mazito. Akaiweka kidevuni, maana aliwahi kusikia kwamba kichwa cha mtu huongeza mawimbi. Kichwa chake hakikuongeza kitu, na mimi sikushangaa.

Wanaume wakakusanyika. Mtaa wetu ukikosa maji huwaoni, lakini gari likigoma hutokea mpaka waliokuwa wagonjwa. Mmoja akasema betri. Shemeji akakimbilia spaza, kile kiduka cha kona, akaja na betri ndogo ya mviringo, akaitumbukiza. Kimya. Wakasema ni mbovu, akaenda duka la pili. Kimya.

"Eish, ni wezi wamebloka rimoti," akasema mwingine. "Wako karibu hapa na mashine yao."

Basi wanaume wazima sita wakaanza kuzunguka mtaa wakichungulia magari ya watu, wakimtafuta mwizi mwenye mashine. Suti ilikuwa inaonekana wazi kupitia kioo, imening'inia ndani ya nailoni yake. Ilikuwa saa tano kasoro. Waliporudi mikono mitupu, shemeji akavua kofia.

"Huyu ni adui," akasema. "Tuombe."

Wakaomba, na hawakuomba kwa ufupi. Mimi nilisimama macho wazi nikiangalia saa, nikiwadharau mmoja mmoja, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Waliposema amina nikamnyang'anya ile rimoti. Iliteleza mkononi kama samaki.

Nikaipasua kwa ncha ya mkasi wangu mdogo wa nyuzi. Ndani kulikuwa kumejaa mafuta.

Jumapili iliyotangulia mchungaji alikuwa ametia baraka funguo za magari ya waumini, kila ufunguo tone moja la mafuta ya upako. Shemeji hakutosheka na tone. Alinunua kichupa chake, na kila asubuhi aliipaka ile rimoti kama mama anavyompaka mtoto aliyetoka kuoga.

"Umepaka mara ngapi?" nikamuuliza.

"Shemeji, ile ni ulinzi."

"Wa nini?"

"Wa wezi."

"Basi hongera. Hata wewe mwenyewe huingii."

Nikaomba spiriti saluni ya jirani, nikafuta vile vyuma vidogo kwa kitambaa cha bitana, nikapuliza, nikairudisha betri. Taa za gari zikakonyeza. Wanaume wakapiga makofi. "Sharp!" mmoja akapaza sauti, na mwingine akasema mnaona, maombi hujibiwa. Niliingia garini na kiburi changu chote, nikiwa nimewashinda wote kwa mkasi na kitambaa.

Kila roboti ya barabarani ilituwekea taa nyekundu. Tulifika upande wa Marshalltown saa sita na robo, na mlangoni nikasikia harufu ya bati lililokwisha kuchomelewa.

Mjane alikuwa amekaa kwenye benchi. Walimvisha mumewe shati jeupe walilokuwa nalo pale, lisilo na kola. Aliipokea suti, akailaza mapajani, akapapasa kola yake kwa kidole. Nikaanza kumweleza. Nikaeleza mafuta, betri mbili, wezi waliotafutwa, na jinsi wanaume walivyo wajinga, na jinsi nilivyogundua mimi. Nilieleza vizuri sana. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa.

Mjane alinisikiliza mpaka mwisho.

"Suti mlikuwa mnaiona?" akauliza.

"Tulikuwa tunaiona, dada."

"Kwenye kioo?"

"Ndiyo."

"Kwani Yeoville mawe yamekwisha?"

Katika mji huu vioo vya magari huvunjwa kila siku kwa ajili ya simu, kwa ajili ya koti, kwa ajili ya mfuko usio na kitu. Juu ya meza yangu ya kushonea kuna pasi ya chuma ambayo naibeba kwa mikono miwili. Kwa saa mbili nzima nilisimama hatua kumi kutoka kwenye pasi hiyo, nikiwahesabia wanaume ujinga wao, na nililionea huruma gari kama wao.