Maisha ya Mama Evlampia, Aliyejifunza Kigiriki Uzeeni

Alizaliwa mwaka 1872 katika kijiji cha Saripinari, huko Kapadokia, binti wa mchonga mawe Isaaki na mkewe Makrina, watu wacha Mungu. Wakristo wa kijiji hicho walizungumza Kituruki tangu enzi za mababu. Kigiriki kilibaki kuwa lugha ya madhabahuni. Isaaki alimfundisha binti yake herufi za Kigiriki, kwa maana watu wake walikiandika Kituruki kwa herufi hizo hizo, na kwa njia hiyo Evlampia aliweza kuisoma Injili kwa sauti safi pasipo kuelewa hata mstari mmoja. Baadaye alikuwa akisema, "Nilibeba mtungi wa maji kichwani, na huku nakufa kiu." Aliolewa, akafiwa na mume akiwa na miaka thelathini na minne, na tangu hapo aliishi kwa kufunga, kuosha maiti za maskini na kumlea mwanawe wa pekee, Prodromo.

Mwaka 1924, kwa mapatano ya Uturuki na Ugiriki, Wakristo wa Kapadokia walihamishwa hadi Ugiriki. Evlampia, mwanawe, mkwewe na mjukuu mdogo aitwaye Sava walipewa nyumba Petrolaka, kijiji cha Makedonia kilicho kando ya kinamasi, pamoja na familia nyingine thelathini. Wenyeji hawakuwapokea kwa furaha. "Haya, wabatizwa wa mtindi wamefika!" walisema wanawake kwenye tanuri la mkate, kana kwamba wageni walibatizwa kwa maziwa ya mgando badala ya maji. "Eti Wakristo, na hata kuomba chumvi hawajui!" Wakimbizi waliinamisha vichwa, wasijue wametukanwa nini, ila kicheko hakihitaji mkalimani.

Agosti ya mwaka uliofuata homa ya kinamasi iliingia kila nyumba. Daktari wa serikali alipita mlango kwa mlango na mfuko wa kwinini usiotosha. Sava, mwenye miaka mitatu, alikuwa akitetemeka mapajani mwa bibi yake. Daktari aliuliza kwa Kigiriki, "Huyu ameshapewa dawa?" Evlampia hakuelewa, akauliza kwa Kituruki, "Ne?" yaani, "Nini?" Lakini katika Kigiriki, "ne" ni "ndiyo". Daktari akaitikia kwa kichwa, akafunga mfuko, akaenda nyumba ya pili. Siku ya tatu mtoto akafariki.

Ilichukua wiki nzima kabla jirani aliyejua lugha zote mbili hajawaeleza kilichotokea. Prodromo aliupiga ukuta ngumi hadi mkono ukatoka damu. Evlampia hakula siku mbili. Siku ya tatu, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, alijitanda shuka lake akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kujifunza lugha yao."

"Lugha yao ndiyo iliyomuua mwanangu!"

"Hapana, mwanangu. Kutoijua ndiko kulikomuua. Na kinamasi kipo palepale, na watoto wengine wapo."

Alikwenda kwa Areti, mjane mwoka mikate, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wote pale kwenye tanuri. Akasimama mbele yake na kuonyesha mdomo wake kwa kidole, kisha masikio. Areti alicheka, lakini alipoyaona macho ya mgeni wake kicheko kilimkatikia, akamwita yule jirani mkalimani. "Muulize anataka neno gani kwanza. Mkate? Maji?" Evlampia akajibu, "Anifundishe kwanza kusema asante. Hayo mengine yote nitakuwa nikiyaomba." Areti akageuka kulifuta jicho kwa aproni yenye unga.

Ndivyo alivyoanza. Kila asubuhi alikanda unga wa Areti bila malipo, na kila kitu alichokishika alikiuliza jina. Kila jioni alichukua mstari mmoja wa Injili aliokuwa akiusoma tangu utotoni na kusaka ndani yake maneno ya siku ile. Injili ilikuwa ya Kigiriki cha kale, nacho si cha tanurini. Lakini alipokutana na neno alilolijua, alilia kama aliyekutana na ndugu yake sokoni. Alikosea mara nyingi, na hakuona aibu. Kakaye Areti alipopona homa, Evlampia alitaka kumtakia nguvu. Ila katika lugha hiyo "mwenye nguvu" na "mzee" hutofautishwa na mkazo tu, kama barabara ya kupita na barabara ya sawasawa. Akamwambia mbele za watu, "Mungu akufanye mzee!" Yule bwana akajibu, "Amekwisha kunifanya, dada, mshukuru kwa niaba yangu!" Tanuri zima likacheka, na siku ile wenyeji na wakimbizi walicheka pamoja kwa mara ya kwanza.

Kufikia mwaka 1928 alikuwa akimsindikiza kila mama mkimbizi kwa daktari, akawa mdomo wake. Hapo ndipo alipomwambia yule daktari, bila hasira, habari ya Sava. Daktari alivua kofia. Kisha akasema, "Mama, nifundishe na mimi. Niambie mnasemaje 'homa', mnasemaje 'ameshakunywa'." Alimfundisha pale pale. Tangu kiangazi kile hakuna mtoto wa Petrolaka aliyeikosa dawa kwa sababu ya neno.

Alilala katika Bwana tarehe 9 Februari 1951, akiisoma sala ya Baba Yetu kwa Kigiriki, na kila baada ya mstari akimweleza mkwewe maana yake kwa Kituruki. Areti ndiye aliyemwosha. Akina mama huwapeleka kaburini kwake watoto wanaochelewa kusema. Yasimuliwa kwamba msichana wa miaka mitano, ambaye hakuwahi kutamka lolote, aliomba maji pale kwa sauti ya wazi.

Hadi leo, kila Jumapili baada ya ibada, wanawake wa Petrolaka huketi ukumbini na mgeni yeyote aliyefika kijijini, awe mchungaji wa kondoo kutoka Albania au mfanyakazi wa mashambani, wakampa mkate na jina la mkate. Tumshukuru Mungu kwa ajili ya mtumishi wake huyu. Na anayetaka kumwiga asisubiri kitabu wala ujana urudi; aende kwa jirani asiyemwelewa, leo hii, amwombe neno moja.