Skrini Sita za Manjano

Kwenye karakana ya kompyuta, mkaguzi wa skrini aliitwa Jicho. Hata mkewe alimwita hivyo. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja: kuwasha skrini iliyokwisha kutengenezwa, kuijaza rangi moja baada ya nyingine, na kuitafutia kasoro. Kwenye weusi alitafuta mwanga unaovuja pembeni, kwenye weupe alitafuta madoa na nukta zilizokufa. Halafu alisogea kushoto, akasogea kulia, aone kama rangi zinageuka mtu akitazama kwa upande. Skrini pana ndizo zenye hila: katikati safi, pembeni balaa.

Wiki moja alikataa skrini pana sita mfululizo. Kwenye karatasi ya ukaguzi ya kila moja aliandika neno lile lile: manjano.

Fundi wa meza ya pili, mwanamke aliyezitengeneza zote sita, akamjia na ya saba.

"Mzee, hii mpya kabisa, imetoka kwenye boksi sasa hivi. Hebu itazame."

Jicho akaijaza weupe. "Manjano."

Fundi hakubishana. Alichomoa karatasi nyeupe kwenye printa, akaishika kando ya kioo. "Na hii je?"

Jicho aliitazama kitambo. "Hiyo nayo," akasema, kama mtu aliyeulizwa saa.

Daktari akamwambia ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na kwamba manjano hayo yamemwingia polepole kwa miaka. Habari zikamtangulia kazini.

"Jicho kapata mtoto uzeeni!"

"Tena pacha!"

Akatabasamu, maana uso unaijua njia yake hata mwenyewe asipokuwepo. Alingoja hofu ije, au walau aibu. Hakuna kilichopiga hodi.

Hospitalini walianza kupasua jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa, mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Jicho akafumba jicho moja, kisha jingine. Kwa la kushoto shuka lilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kwa la kulia lilikuwa jeupe hata likaelekea bluu. Akamgeukia mkewe.

"Zimeanza lini?"

"Nini?"

"Mvi."

"We baba, huu mwaka wa nne." Mkewe akajishika nywele. "Sasa sema neno basi."

"Nimeziona."

Mkewe akacheka kidogo, akainuka kukusanya vitu vyao.

Jicho aliporudi kazini alifunika jicho la kushoto kwa kitambaa, akaomba zile sita zirudishwe mezani. Alizikagua asubuhi nzima. Nne zilikuwa nzima. Mbili zilikuwa na manjano ya kweli, upande wa chini.

"Kumbe hizi mbili hukukosea," fundi akasema. "Na hilo jicho jingine linapasuliwa lini?"

"Mwezi ujao."

"Unaogopa?"

Jicho alilifikiria swali lile kwa uaminifu, akatafuta ndani kote.

"Bado," akasema, akachukua kalamu kusahihisha karatasi za zile skrini nne.