Mi njo nilifuta neno «Kolwezi»

Ndugu musomaji, kosa ni yangu. Batu banasema kuna mutu alinidanganya, na ni kweli alinidanganya. Lakini mukono ulioandika ni huu wangu.

Mi ni musichana wa sekondari, muoga wa kusema. Mwalimu akiniuliza kitu mbele ya darasa, ulimi unakauka. Lakini kuandika! Mwandiko wangu ulikuwa sifa ya nyumba yetu huku Dilala, mutaa wa Kolwezi.

Tata, baba yangu, alikuwa mukubwa wa garaji, pale banatengeneza makamyo ya mugodi wa Mashamba. Jirani yetu, Tata Kapinga, baba ya rafiki yangu Kapinga, alikuwa mukubwa wa magazini ya piesi, ile stoo ya vipuri. Zamani servisi zao mbili zilikuwa majogoo mawili ku kiwanja kimoja. Garaji: «Magazini banaficha piesi!» Magazini: «Garaji hawajue hata kuandika kitu wanataka!» Kamyo inalala wiki mbili ju ya chujio moja ya mafuta.

Baba hawa wawili njo balimaliza ule ugomvi. Kila siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, balikaa ku barza yetu, kila mutu na karatasi yake.

«Wagonjwa wa leo ni nani?» Tata Kapinga anauliza.

«Kamyo munene namba saba. Anakohoa tena.»

«Huyo! Dawa yake iko, lakini moja tu. Asiimalize yote!»

Banacheka, na mi naandika yote safi ku kaye moja, daftari yangu. Siku ya kwanza ya juma asubuhi piesi inatoka bila kelele.

Halafu kazi ikaanza kufa, na batu wa asili ya jimbo la Kasai bakaanza kuambiwa barudi kwao. Kwao wapi? Tata Kapinga alizaliwa hapa!

Musaidizi wa tata ku garaji, mi nilimuita Yaya, ni kusema kaka mukubwa. Alikula kwetu, alinisaidia hesabu ya masomo. Mangaribi moja akaja na karatasi za servisi zote.

«Bakubwa wanataka servisi zisaidiane kama tata yako na jirani. Liste moja, kila mutu ajulikane. Nani anaandika muzuri kama weye?»

«Tata anajua?»

«Ni yeye alinituma.»

Uongo! Lakini mi nilivimba kichwa. Mutu alinichagua, mi ambaye hakuna mutu ananiona!

Safu zilikuwa ine: jina, servisi, nyumba, kwao. Ile ya mwisho ilinichoma. Kamyo haiulize fundi nkambo yake, babu yake, alitoka wapi. Niliwaza hivyo, kweli niliwaza. Nikaendelea kuandika.

Ku karatasi ya servisi yake, Tata Kapinga alikuwa ameandika kwa mukono wake, Kwao: Kolwezi. Nikaikopia hivyo hivyo kwa krayo, ile kalamu ya kufutika. Yaya akapiga kidole pale.

«Huyu anatucheka. Liste ya uongo itasaidia servisi gani? Rafiki yako iko pale, muulize.»

Kapinga alikuwa ku kiwanja chao, anachunga bunga ya ugali.

«Kapinga, nkambo yenu alitoka wapi?»

«Kando ya Kananga, kule Kasai. Kwa nini, unataka kumutembelea?» Akacheka, uso muzima bunga. «Amelala ku makaburi ya hapa hapa, usipige safari bure!»

Nikachukua gome ya kufutia. Nikafuta Kolwezi. Nikaandika Kananga, muzuri kabisa, na ile K yangu yenye mukia murefu. Yesu wangu!

Siku ya kwanza ya juma liste ilikuwa imebandikwa ku mulango wa kazi. Kila jina ambalo safu yake ya mwisho ilitaja upande wa Kasai lilipigwa mustari mwekundu. Hao hawaingie tena. Mangaribi vijana balifika ku nyumba ya Tata Kapinga, maana namba ya nyumba pia niliiandika mi. «Tokeni! Muende kwenu!» Balibeba hata viti.

Tata alirudi na ile karatasi, ameibandua. «Ni weye?»

«Ni Yaya alisema...»

«Yaya alisema. Na weye, hauna mudomo?»

Hakunipiga. Afazali angenipiga!

Nikamukimbilia Yaya njiani. Aliniangalia kama mutoto wa mugeni. «Mi nilikukamata mukono?» Akapita. Leo njo yeye anakalia kiti cha Tata Kapinga ku magazini.

Ku gare ya treni, batu waliofukuzwa balijaa chini na mabeseni na magodoro, bakingoja treni. Nilibeba viazi vya kuchemsha. Kapinga hakuvishika.

«Ile K, ndugu yangu,» akasema polepole. «Nani hapa Dilala hajue ile K?»

Mama yake njo alipokea viazi. «Asante, mwanangu.» Hakuwa amesoma liste. Ile asante inanila mupaka leo.

Sasa magazini na garaji banatukanana tena. Tata Kapinga alijua kila rafu kwa kichwa. Yaya anafungua masanduku kama mutu anatafuta chumvi ku nyumba ya wengine. Makamyo yamelala. Siku ya posho tata anakaa ku barza na karatasi yake, kiti cha pili kitupu. Haniite tena kuandika.

Ndugu zangu, mutu akikuletea liste na kusema ni ya kusikilizana, uliza kila safu ni ya nini. Uliza hata ukitetemeka! Na kile mutu ameandika ju yake mwenyewe, usikifute.

Mi naenda kupalilia kaburi ya nkambo ya Kapinga. Hakuna mutu wao mwingine amebakia hapa wa kuipalilia.