Fungura

Mtu anayekaanga maandazi kila siku hali maandazi. Ikifika saa nne asubuhi harufu ya mafuta imeshaingia kwenye kanga, kwenye nywele, mpaka kwenye chai, na hamu ya kula chochote imekwisha. Mwaka ambao mama mkwe wangu alipata kiharusi nilikuwa nakaanga barazani kwetu hapa Kasulu tangu alfajiri, nauza, nasugua karai, halafu naingia jikoni kuanza mapishi mengine, ya mgonjwa. Nilichoka mpaka nikachukia kuona moto.

Mume wangu anaendesha lori. Siku nyingi yuko Kibondo au yuko njiani, na nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama yake.

Zamani tulielewana vizuri, pamoja na ugomvi wetu mdogo wa jikoni. Mimi nimezaliwa Muheza, na kisamvu nilifundishwa kukitia nazi. Yeye alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, na kwake majani ya muhogo ni sombe, yanatwangwa yakalainika, yanatiwa mawese, basi. Mara ya kwanza nilipompikia kwa nazi iliyokuja na basi kutoka kwetu, alionja, akaweka sahani chini. "Mwanangu," akasema, "majani haya umeyatia maziwa ya nini?" Nilicheka, na tangu siku hiyo nikapika kwa mawese.

Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia na Kiswahili chote. Kirundi kilibaki, nacho vipande vipande, na mimi Kirundi changu kilikuwa salamu tu. Lililokuja kuniumiza zaidi ni kula. Alikuwa hali, labda vijiko viwili vitatu kwa siku. Nilimletea uji wa ulezi, nikamletea maharage niliyoyaponda, nikamletea ugali wa muhogo laini na mchuzi wa dagaa. Nikisogeza kijiko, anageuza uso, ananiangalia na kusema neno moja: "Fungura."

Huku watu wakisema Kiswahili, r na l zinachomekwa na kupishana watakavyo, kwa hiyo sikupata shida yoyote. Mama anataka nifungue. Nikafungua mlango. Asubuhi za Kasulu mwezi wa sita zina baridi ya kung'ata, ukungu ukaingia mpaka kitandani, mama akatikisa kichwa. Nikafunga. "Fungura." Nikafungua dirisha. Nikamfungua vifungo vya sweta, nikafungua redio, siku moja nikafungua hata sanduku lake la nguo nikamwonyesha kitenge kimoja kimoja kama muuzaji. Akafumba macho. Uji ukaganda, nikaubeba kurudi jikoni.

Nilimwambia mume wangu kwa simu kwamba mama kila saa anataka nifungue. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa Kiswahili changu, sikulirudia neno lenyewe. Akasema labda anataka kupunga hewa, nimfungulie.

Mama akakonda mpaka pete ikamvuka kidole. Muuguzi aliyekuja kumtazama alisema wazi kwamba akiendelea vile atarudishwa wodini alishwe kwa mpira wa puani. Baada ya muuguzi kuondoka nilikaa kwenye kigoda nikamkasirikia yule mgonjwa. Kweli kabisa, nilimkasirikia. Nilimwona ananikomoa.

Aliyenitoa gizani ni mama mmoja anayepitisha sombe iliyotwangwa, mtu wa Nyabibuye huko mpakani. Siku hiyo alinikuta namlisha, akaingia na beseni lake kumjulia hali mama. Nikasogeza kijiko. Mama akasema neno lake. Nikainuka, nikaenda kufungua mlango.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Kufungua. Si umemsikia?"

Akanitazama, halafu akaweka beseni chini. "Yoo! Dada, mlango hana shida nao. Anakwambia ule. Fungura, kwa Kirundi, ni kula, kwa heshima. Anakukaribisha."

"Anikaribishe mimi? Mgonjwa ni yeye."

"Wewe umemletea chakula hujakionja, umemsimamia tu na kijiko. Kwetu mwenye kuleta anaonja kwanza, ndiyo anapokea mwenziwe. Tena mtu mzima hali peke yake anaangaliwa kama mtoto. Wewe mara ya mwisho umekula naye lini?"

Nilikuwa nakula jikoni nimesimama, ukoko wa sufuria, au sili kabisa. Na neno lenyewe lilikuwa mlangoni kwangu. Muheza tulikaa ukuta mmoja na Waislamu, na mwezi wa mfungo ikiadhiniwa magharibi jirani alituita, njooni tufungue, tukaenda mbio kwenye uji na tambi. Kufungua ni kula, nilikujua tangu utotoni.

Nikapika ile sombe kwa mawese, nikasonga ugali, nikapakua sahani moja. Nikakaa kitandani karibu yake, siyo kwenye kigoda. "Fungura," akasema. Nikamega tonge, nikachovya, nikala. Alinitazama mdomo mpaka nikameza. Kisha akafungua wake.

Alikula kidogo, matonge madogo, mengine yakimtoka pembeni nikayafuta. Kila nililompa alisubiri nami nile langu. Nilikuwa na njaa, na sikuwa nimejua kama nina njaa. Nilikula huku machozi yananitoka, kwa kuwa miezi yote ile kila aliyepita pale aliuliza kama mama amekula, na aliyeuliza kama mimi nimekula ni yeye peke yake, kila siku, nami nikawa namfungulia mlango.

Sahani ilipokwisha, sehemu kubwa nilikuwa nimeila mimi.